TUVUMILIE HATA MWISHO

Masomo: Waebrania 10:32-39, 11:39-40, Yakobo 5:7-11



Taabu tunazijua. Baba anafanya kazi, mshahara haufiki. Mama anaamka mapema kwenda sokoni, na jioni faida haitoshi kununua unga. Mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, familia nyingi ziliacha nyumba na mashamba. Katika hali ya namna hiyo moyo unauliza: Je, Mungu ametuacha? Wengine wanachoka kuomba. Wengine wanakimbia huku na huku wakitafuta nabii anayeahidi kwamba kwa siku 7 taabu zote zitaisha. Ndiyo sababu tunajifunza somo hili.

1. Saburi ni kazi

Waebrania walioandikiwa barua hii walitukanwa, wakanyang'anywa mali, lakini waliendelea kuwahurumia ndugu waliofungwa. Angalia vizuri: hawakukaa tu wakilia. Yakobo naye anatupa mfano wa mkulima. Mkulima anangoja mvua, ndiyo, lakini amekwisha kulima na kupanda. Mtu asiyepanda kitu anangoja nini? Kuvumilia ni kuendelea kutenda mema wakati hatuoni bado matunda.

2. Miezi 5 na miaka 30

Hapa Kongo tuna mashahidi wetu. Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya Bwana tarehe 6 Aprili 1921. Watu waliacha sanamu, wakaja Nkamba kwa wingi kusikia Neno na kuombewa. Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo alijitoa mwenyewe mikononi mwa askari, wala hakuwaita watu wapigane. Tarehe 3 Oktoba 1921, kule Thysville (leo Mbanza-Ngungu), mahakama ya kijeshi ilimhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert I alibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa mbali na kwao, katika gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alifia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951.

Tuhesabu pamoja: kazi ya wazi, miezi kama 5, gereza, miaka 30. Kama baraka ya Mungu ingepimwa kwa raha, tungesema mtumishi huyu alishindwa. Lakini hakushindwa.

3. Wale waliobaki nje

Mama Marie Muilu alibaki na watoto watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Serikali ilimchunga, lakini yeye aliwaongoza waaminifu kwa siri. Wengi walihamishwa kwa nguvu, wakatupwa katika majimbo ya mbali, hata Lowa, huku mashariki. Serikali ilifikiri imetawanya moto ili uzimike. Kumbe kila kaa lilipoanguka, moto uliwaka. Wafungwa waliomba na kuimba katika nchi ambazo hawakuzijua, na watu wa huko wakasikia habari za Yesu.

Kanisa lilipata ruhusa ya serikali tarehe 24 Desemba 1959. Papa Simon alikuwa amelala miaka 8 iliyopita. Mama Muilu alifariki tarehe 27 Aprili 1959, miezi 8 tu kabla ya siku hiyo. Wote wawili walipanda, wengine wakavuna. Waebrania 11 inasema hivyohivyo juu ya watu wa kale: walikufa katika imani kabla ya kupokea ahadi.

Basi, mpendwa, usipime imani yako kwa kuuliza, «Taabu itaisha lini?» Jiulize, «Leo nimekuwa mwaminifu?»

4. Sisi tufanye nini?

Tushike mambo matatu tuliyofundishwa: upendo, amri, kazi.

Upendo: aliyekimbia vita akifika katika parokia yetu, tumpe mahali pa kulala kabla ya kumuuliza kabila lake.

Amri: njaa isitufundishe kuiba, kusema uongo wala kwenda kwa mganga.

Kazi: tulime, tuuze, tushone, tufundishe watoto. Maombi hayachukui nafasi ya jembe, wala jembe halichukui nafasi ya maombi.

Na aliyechoka asifiche. Amwambie mzee wa kanisa, tuombe pamoja naye. Mzigo wa mtu mmoja, kichwani mwa wengi, unapungua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kuna tofauti gani kati ya kungoja na kuvumilia?
2. Kwa nini ahadi ya baraka ya haraka inatuvuta sana wakati wa taabu?
3. Nani katika parokia yetu anateseka peke yake, na tutamtembelea lini?

Bwana Yesu, aliyevumilia msalaba, atutie nguvu hata mwisho. Amina.