Chanjo ya Ng'ombe na Miti ya Serengeti

Katika Baiolojia tumefundishwa ya kwamba ikolojia ni elimu ya uhusiano wa viumbe wao kwa wao, na wa viumbe na mahali wanapoishi. Wengi wetu hukariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani tu. Napenda kuyaeleza kwa mfano wa Serengeti.

Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki kiasi cha mwaka 1890, ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu wengi mno. Ng'ombe walipochanjwa katika miaka ya 1950 na 1960, nyumbu nao waliokoka ingawa hawakuchomwa sindano, kwa kuwa walikuwa wakiambukizwa na ng'ombe. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa 250,000 hivi. Kufika 1977 walikuwa wamepita milioni moja.

Sasa tazama, ewe msomaji, mambo yalivyofuatana. Nyumbu wengi walikula majani mengi. Majani yakipungua, moto wa kiangazi hukosa cha kuunguza. Na moto ukipungua, miche hupata nafasi ya kukua. Hivyo sindano ya ng'ombe iliotesha miti!

Mimi ni mtoto wa mfugaji, na kwetu husemwa kuwa ng'ombe na wanyama wa pori ni maadui. Kweli hugombea majani na maji, lakini maradhi hayajui mpaka wa zizi. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani. Maradhi mengine yangalipo. Basi, wazee wetu, bwana mifugo akija na chanjo, msifiche ndama.