Soko la Wanafunzi kwa Mboga za Shamba la Shule

Butere, kule mwisho wa reli itokayo Kisumu, ni nchi ya mvua nyingi na mashamba madogo. Kina mama wa huko hupata fedha kwa kipande cha ardhi kilicho kando ya nyumba. Hupanda mboga za kienyeji: kunde (likhubi), saga (tsisaka), managu (lisutsa), mrenda (murere) na mitoo (miro). Shule nayo yaweza kufanya hivyo, na watoto wakawa na soko lao wenyewe. Ninyi wakulima wa Lugari na Likuyani, mliozoea kupima mavuno kwa magunia ya mahindi, msidharau fungu la mrenda.

Vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza shuleni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye vilififia, na mwaka 2021 Serikali ikavifufua. Ikiwa shule yenu inacho chama hicho, anzeni nacho.

Tazameni kalenda ya shule kabla ya kushika jembe. Saga, managu na mrenda huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kuwa tayari. Mkipanda mvua za Machi zinapoanza, mboga zitakomaa Aprili watoto wakiwa likizoni, na watakaokula ni mbuzi. Basi hesabuni kurudi nyuma kutoka siku ya kuuza, tena pandeni tuta moja kila baada ya wiki 2. Mbegu mpya za mrenda ni ngumu kuota. Zifungeni katika kitambaa, mzichovye katika maji ya moto sana kwa kuhesabu mpaka kumi, kisha ziacheni zipoe usiku kucha.

Mboga zichumwe asubuhi, ziwekwe kivulini chini ya gunia lililoloweshwa. Mauzo yawe saa kumi jioni, masomo yakiisha, langoni mwa shule. Mkitaka kwenda sokoni, ulizeni kwanza habari za ushuru. Bei isiwe chini ya ile ya sokoni, maana mama auzaye huko huenda ni mzazi wa mtoto yuyo huyo.

Sasa fedha. Hapa ndipo masoko mengi ya namna hii huvunjika. Tangu zamani wazazi wamenung'unika kwamba watoto hupelekwa shule kusoma, si kuwalimia walimu, nao wana haki ya kuuliza. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja auze, mwingine apokee fedha, wa tatu aandike. Mwalimu atazame tu. Tuseme mafungu yalikuwa 60, bei shilingi 10, yakauzwa 52. Fedha ni shilingi 520. Toeni mbegu shilingi 150 na ushuru 30, faida ni 340. Na yale mafungu 8 yaliyobaki? Yaandikwe pia: yalipikwa jikoni, au yalinyauka, au yalichukuliwa na nani. Hesabu ibandikwe ukutani siku ile ile, mahali mzazi apitapo.

Mbegu za msimu ujao zinunuliwe kwanza katika faida. Zinazosalia, wanafunzi waliolima ndio waamue matumizi yake, na uamuzi wao uandikwe katika daftari lile lile.

Matuta manne yatosha kuanzia. Mwiteni Bwana Shamba ayaone kabla hamjapanda.