Jibu la Feliki: Kwa Anayesema Ataokoka Baadaye

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na ugomvi wowote na Injili. Alisoma shule ya Jumapili, pengine aliimba kwaya, na ukimuuliza kama Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zake atakujibu ndiyo bila kusita. Ila ukimuuliza kama ameokoka, anatabasamu na kusema: bado, Mungu akipenda nitaokoka. Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tunakutana na watu wa namna hii kila siku, na ndio wanaotukosesha usingizi kuliko wale wanaotufungia mlango.

Liwali aliyeogopa

Katika Matendo ya Mitume sura ya 24, Paulo ni mfungwa huko Kaisaria. Liwali Feliki anakuja na mkewe Drusila, anamwita Paulo ili asikie habari za kumwamini Kristo. Paulo hamsifii. Anazungumza juu ya haki, juu ya kiasi na juu ya hukumu itakayokuja, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumfungua au kumwacha aoze gerezani. Feliki anaingiwa na hofu. Anamwambia aende zake kwa sasa, akipata nafasi atamwita.

Wahubiri wengi huishia hapo, kana kwamba Feliki alikufa usiku ule. Hakufa. Endelea kusoma mistari inayofuata. Nafasi aliipata, tena mara nyingi, kwa maana alimwita Paulo mara kwa mara wakaongea. Lakini Luka anatuambia alikuwa akitafuta nini sasa: alitumaini Paulo angempa fedha. Miaka miwili ikapita, Porkio Festo akaja kushika mahali pake, na Feliki akaondoka akimwacha Paulo kifungoni ili awapendeze Wayahudi. Hatusomi popote kwamba aliogopa tena.

Tumezoea kuhimizana tuokoke kwa sababu ya ajali za barabarani na magonjwa ya ghafla. Ni kweli, hakuna aliyeandikiwa kuiona Jumatatu. Lakini hata ungehakikishiwa miaka 90, hatari ya kuahirisha ingebaki palepale, kwa sababu moyo huzoea. Neno lililokuchoma mara ya kwanza, mara ya tano unalisikia huku ukitazama saa. Hicho ndicho Waraka kwa Waebrania, sura ya 3, unachokionya: unawataka waamini waonyane kila siku, maadamu bado inaitwa leo, asije mmoja wao akafanywa mgumu.

Utaliona jambo hili msibani. Kaburi limefukiwa, mashada yamewekwa, na mchungaji anauliza kama yupo anayetaka kumpa Yesu maisha yake. Watu wanatazama viatu vyao vilivyojaa udongo. Mwanaume mmoja nyuma ya kina mama anafuta macho, wala hamlilii marehemu peke yake. Anasogea hatua moja, anakutana na macho ya shemeji yake, anasimama. Kisha linatoka tangazo kwamba chakula kiko tayari. Wali unapakuliwa, maongezi yanarudi kwenye bei ya mbolea. Kesho yake mtu huyo ni mzima kabisa, anakwenda kazini kama kawaida, lakini kile kilichomsogeza ile hatua moja kimeshapoa.

"Ngoja kwanza niweke mambo sawa"

Kijana anasema amalize ujana. Dada anayeishi na mwanaume bila ndoa anasema wabariki ndoa kwanza. Mzee mwenye hirizi ya ukoo anasema ana mambo ya kumalizana na wakubwa wa ukoo. Muuza pombe anauliza watoto watakula nini. Haya si mambo ya kubezwa, yana uzito wake, na anayekuita kwenye wokovu bila kuyasikiliza hajakupenda. Lakini wote wanne wameshika kosa lilelile: wanataka wajisafishe ndipo waje.

Mwangalie askari wa gereza la Filipi, katika sura ya 16 ya Matendo ya Mitume. Ilikuwa usiku wa manane, ametoka kuchomoa upanga ajiue. Aliuliza afanye nini apate kuokoka, akaambiwa amwamini Bwana Yesu. Hakupewa orodha ya mambo ya kurekebisha kwanza. Aliamini, na saa ileile akawaosha majeraha watu aliokuwa amewakaza miguu kwenye mkatale. Zakayo naye alishuka mtini haraka. Habari ya kurudisha mara nne alichodhulumu ilikuja baada ya Yesu kusema atakaa nyumbani kwake. Matendo yalifuata, na yalifuata upesi.

Wengine hutaja yule mnyang'anyi msalabani: mbona aliokoka dakika ya mwisho? Aliokoka, na hakuna anayempokonya. Ila walikuwa wawili, saa ileile, umbali uleule kutoka kwa Yesu, na mwenzake alimtukana. Dakika ya mwisho haimlainishi kila mtu.

Waliotutangulia Afrika Mashariki

Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanzania, ulikuwa ndani ya kanisa. Waliotubu walikuwa walimu, wahudumu wa hospitali na wachungaji waliokwisha kubatizwa. Walirudisha mali walizoiba, wakalipa madeni, wakaombana msamaha Wazungu kwa Waafrika. Blasio Kigozi, mmoja wa walimu wa Gahini, alikuwa na hoja za kupeleka kwenye sinodi ya kanisa la Uganda, akilitaka liamke. Alifariki kwa homa Januari 1936, kabla ya kuziwasilisha, na wito wake wa kuamka wengine wakaupokea na kuuendeleza. Janani Luwum, mwalimu wa shule huko Acholi, aliokoka tarehe 6 Januari 1948. Baadaye akawa Askofu Mkuu, na Februari 1977 aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Mtu aliyesimama hivyo mbele ya dikteta alikuwa amekwisha kujibu swali la wokovu miaka 29 nyuma.

Haraka isiyo ya Mungu

Kuna jambo hatuwezi kulinyamazia. Machi 2000 huko Kanungu, Uganda, mamia ya waumini wa kundi lililotangaza mwisho wa dunia waliteketea kwa moto. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao wakiwa waumini waliokufa kwa njaa. Yesu alisema siku wala saa ile hakuna aijuaye. Basi mtu akikutajia tarehe, akikukataza hospitali, akikuambia uuze shamba umletee fedha au uwaache watoto wako bila chakula, mkimbie na utoe taarifa polisi. Wokovu haulipiwi hata shilingi. Na kama unatumia dawa za VVU, kisukari au kifafa, endelea kuzitumia hata baada ya kuombewa.

Ukiwa tayari

Si lazima usubiri mkutano wala mhubiri mkubwa. Hapo ulipo, jikoni au kwenye daladala, sema na Yesu kwa maneno yako mwenyewe. Zitaje dhambi zako kwa majina yake, mwombe akusamehe kwa ajili ya kifo chake na kufufuka kwake, na umkabidhi maisha yako yote. Usijipime kwa machozi. Wapo wanaolia, wapo wanaotulia kimya.

Halafu mwambie mtu mmoja kabla hujalala: mama yako, jirani aliyeokoka, mzee wa kanisa. Jumapili nenda kwenye kanisa linalofundisha Biblia waziwazi, uulizie darasa la ubatizo au la kipaimara, na ushirika wa nyumba kwa nyumba unakutania wapi mtaani kwenu. Lile la ndoa, lile la hirizi, lile la biashara, liweke mezani mbele ya mchungaji mkiwa pamoja. Na kama kuna mtu unadaiwa naye radhi, mpigie simu leo.