Pikipiki Mpya: Sevisi ya Kwanza Umpe Nani?

Ukinunua pikipiki kwa hela ya kuungaunga, kulipia sevisi ya kwanza kunauma. Spana ninazo, nikasema oili namwaga mwenyewe.

Sasa elewa hivi: vyuma vya injini mpya bado vinasagana, na unga wake unabaki kwenye oili. Ndiyo maana vitabu vingi vya maelekezo vinataka oili ya kwanza imwagwe mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000, siyo usubiri iwe nyeusi. Kazi yenyewe nyepesi, ila nati ya chini ukiikaza kwa hasira inaharibika, oili inavuja.

Kilichonirudisha dukani ni waranti. Wauzaji wengi wanataka muhuri wao kwenye kadi ya sevisi. Bila huo, gia ikigoma, utajijua. Nikalipa, nikasimama palepale nikimwangalia fundi. Cheni nakaza mwenyewe.