Flashi Mbili za GB 64

Katika duka la vifaa vya kompyuta, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, flashi mbili zinaweza kuwekwa kwenye kabati moja la kioo, zote zimeandikwa GB 64, na moja ikauzwa kwa bei mara mbili ya mwenzake. Mnunuzi ana haki ya kuuliza tofauti iko wapi. Namba ile inataja jambo moja tu, yaani kiasi cha data kinachoweza kukaa ndani. Haisemi data hiyo itaingia kwa kasi gani, wala kifaa kitastahimili kuandikwa na kufutwa mara ngapi. Tuanze na namba yenyewe, kwa kuwa hata hiyo huwasumbua wengi.

Kipande kidogo kabisa cha data huitwa biti. Biti huwa katika hali moja kati ya mbili, 0 au 1. Biti 8 zikiwekwa pamoja hufanya baiti 1, kiasi kinachotosha kuhifadhi herufi moja ya kawaida. Kwa hesabu ya watengenezaji wa flashi, gigabaiti 1 ni baiti bilioni 1. Hivyo GB 64 ni baiti bilioni 64. Lakini flashi hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows, namba inayoonekana ni 59.6 au pungufu kidogo. Sababu ni kwamba Windows haigawanyi kwa bilioni 1. Inagawanya kwa 1,073,741,824, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 30, kisha inaandika GB vilevile. Baiti ni zilezile, kipimo ndicho kilichobadilika. Upungufu wa namna hii si dalili ya flashi bandia, na muuzaji asilaumiwe kwa ajili yake.

Sasa tutazame mahali data inapokaa. Kumbukumbu ya aina ya flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, katika miaka ya 1980, na aina yake iitwayo NAND, inayotumika katika flashi za leo, ilitangazwa mwaka 1987. Ndani yake mna mabilioni ya seli. Kila seli ni transista, yaani swichi ndogo sana ya umeme, ambayo ndani yake kuna sehemu iliyozungukwa na kihami. Kihami ni kitu kisichopitisha umeme. Volteji kubwa ikitumika, elektroni husukumwa zikapenya kihami na kunaswa ndani. Umeme ukizimwa zinabaki mlemle, na hiyo ndiyo sababu flashi huhifadhi data hata ikiwa mfukoni. Seli husomwa kwa kupima volteji inayohitajika ili swichi ipitishe umeme: elektroni zilizonaswa zikiwa nyingi, volteji inayohitajika huwa kubwa zaidi.

Hapo ndipo flashi mbili huanza kuachana, kwa kuwa seli zote hazibebi idadi sawa ya biti. Seli inayobeba biti 1, iitwayo SLC, inahitaji kutofautisha hali mbili tu. Seli ya biti 3, iitwayo TLC, inahitaji viwango 8 vya elektroni, na ile ya biti 4, QLC, inahitaji viwango 16. Fikiria bilauri ya maji. Kujua kama ina maji au ni tupu hakuhitaji zaidi ya kuitupia jicho. Kujua maji yamefika mstari wa ngapi kati ya mistari 16 kunahitaji kuinama na kutazama kwa makini, na anayeijaza hana budi kumimina kidogo kidogo huku akipima. Vivyo hivyo, QLC hubeba data nyingi katika eneo dogo, kwa hiyo ni rahisi kwa bei, lakini kuiandika huchukua muda zaidi na makosa huwa mengi zaidi.

Tena, kila mara elektroni zinapopenya kihami, kihami huchakaa kidogo. Seli za SLC hukadiriwa kustahimili kufutwa na kuandikwa upya mara 100,000 hivi. Za TLC, mara elfu moja hadi tatu. Za QLC, chini ya hapo. Namba hizi zisimtie mtu hofu. Anayeijaza flashi yake yote mara moja kila wiki atakuwa ameijaza mara 520 hivi baada ya miaka 10. Kwa mtumiaji wa kawaida, kinachomgusa kila siku ni kasi, na hasa kasi ya kuandika.

Kasi ina sehemu mbili, nazo huchanganywa sana. Ya kwanza ni ya njia ya kupitishia data. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, inaruhusu megabiti 480 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 60, ambazo kwa vitendo hazifikiwi. USB 3.0 ya mwaka 2008 inaruhusu gigabiti 5 kwa sekunde. Hiyohiyo ilibadilishwa jina ikawa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, kwa hiyo namba kubwa kwenye pakiti si lazima iwe na maana ya kasi mpya. Sehemu ya pili ni kasi ya seli zenyewe. Flashi ya USB 3.0 yenye seli za polepole inaweza kusoma megabaiti 100 kwa sekunde na kuandika 10 tu. Pakiti ikisema “hadi” kiasi fulani bila kufafanua, kwa kawaida inataja kusoma. Faili la video la GB 4 litaingia kwa sekunde 40 ikiwa flashi inaandika megabaiti 100 kwa sekunde, na kwa dakika 6 na sekunde 40 ikiwa inaandika 10.

Kipimo cha haki ni kunakili faili moja kubwa, la GB 8 kwa mfano, huku muda ukihesabiwa hadi kompyuta ikubali kuitoa flashi kwa usalama. Megabaiti 8,000 zikitumia sekunde 400, kasi ni megabaiti 20 kwa sekunde. Faili dogo halitoshi, kwa kuwa baadhi ya flashi huandika mwanzo kwa mtindo wa haraka wa biti 1 kwa seli, na sehemu hiyo ikijaa kasi huanguka ghafla.

Anayetaka nyimbo za kusikiliza kwenye sabufa au redio ya gari hana haja ya kulipia kasi kubwa ya kuandika. Kwake jambo la kuangalia ni mpangilio wa mafaili: vifaa vingi vya namna hiyo husoma FAT32 pekee, ilhali flashi za GB 64 kwa kawaida huja na exFAT. FAT32 nayo haipokei faili moja linalozidi GB 4 hivi, hata flashi ikiwa tupu.

Limebaki suala la flashi bandia. Kila flashi ina chipu iitwayo kidhibiti, inayopanga data iandikwe seli zipi na kuiambia kompyuta ukubwa wa kifaa. Mdanganyifu hukibadilisha kidhibiti kitaje GB 64 wakati zilizomo ni 8. Majina ya mafaili huonekana yote, lakini yaliyomo hupotea au huandikwa juu ya mengine. Njia ya uhakika ni kuijaza flashi mpya yote, kisha kuisoma na kulinganisha. Programu za bure H2testw, ya Windows, na F3, ya Linux na Mac, hufanya hivyo. Kwa kasi ya megabaiti 10 kwa sekunde, kujaza peke yake huchukua karibu saa 1 na dakika 47. Iliyofeli haiponi kwa kufomatiwa, kwa sababu seli zinazokosekana hazikuwahi kuwemo. Kama muuzaji hairudishi, F3 inaweza kuipangia upya nafasi ili itumike kwa zile GB 8 zilizomo kweli.