Mazoezi ya Mwili na Upimaji wa Muda wa QT wa Moyo

Mwanafunzi aangukapo ghafula katikati ya mbio, au aliye hodari wa kuogelea azamapo penye maji haba, wenzake husema ana kifafa, au hakula asubuhi. Huenda ni kweli. Lakini iko hitilafu ya moyo, ya kurithiwa, ambayo yaweza kujificha kabisa mtu akiwa amelala kitandani na kujitokeza akiwa mbioni. Makala haya yanaeleza jinsi inavyopimwa, na kwa nini kipimo kimoja hakitoshi.

Msomaji anajua kwamba kila pigo la moyo hutanguliwa na badiliko la umeme katika seli za misuli yake. Willem Einthoven wa Uholanzi ndiye aliyeunda, mwanzoni mwa karne ya 20, galvanometa iliyoweza kuuchora umeme huo vizuri, akatunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1924. Alama za mchoro aliziita P, Q, R, S na T. Siku hizi karatasi hupita kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, hivyo kisanduku kidogo cha milimita moja ni sekunde 0.04. Muda tangu mwanzo wa Q hadi mwisho wa T huitwa muda wa QT: ni wakati ambao vyumba vya chini vya moyo huamshwa na umeme, kisha hurejea katika hali ya kuweza kuamshwa tena.

Mapigo yakienda mbio, muda huo hufupika. Basi haufai kulinganishwa hivi hivi tu baina ya mtu aliyetulia na mwingine anayehema. Mwaka 1920 H. C. Bazett alipendekeza QT igawanywe kwa kipeuo cha pili cha RR, yaani nafasi kati ya pigo moja na lifuatalo, kwa sekunde. Jawabu huitwa QTc, na kwa desturi isizidi 0.45 kwa wanaume na 0.46 kwa wanawake.

Tuchukue mfano wa msichana ambaye mapigo yake ni 75 kwa dakika. RR ni sekunde 0.80, na kipeuo chake ni 0.894. QT yake ni visanduku 10, yaani sekunde 0.40. QTc ni 0.447, nayo haina la kumtia daktari wasiwasi mkubwa. Sasa akimbie, kisha apimwe akipumzika, mapigo yakiwa 100. RR ni 0.60, kipeuo ni 0.775. Moyo mzima ungekuwa na QT ya kiasi cha sekunde 0.33, na QTc ya 0.43. Wake bado ni visanduku 10 vile vile! QTc imepanda hadi 0.52. Angalia kwamba QT yenyewe haikuongezeka hata kidogo. Ugonjwa umo katika kutobadilika kwake.

Sababu yake iko katika utando wa seli. Adrenalini ya mazoezi huongeza ayoni za kalisiamu ziingiazo, jambo ambalo lingerefusha QT. Papo hapo huongeza pia mkondo wa ayoni za potasiamu zitokazo, ambao huirejesha seli upesi katika hali yake. Katika aina ya kwanza ya ugonjwa huu, mlango wa mkondo huo wa potasiamu ni mbovu. Breki haishiki. Pigo jingine laweza kuzuka kabla seli hazijawa tayari, moyo ukatetemeka pasipo kusukuma damu, na mgonjwa akazimia. Mara nyingi hali hiyo hukoma yenyewe, isipokoma, huua.

Mwaka 1957 Jervell na Lange-Nielsen walieleza habari za familia moja ya Norway yenye watoto sita. Wanne walikuwa viziwi na wenye kuzimia. Watatu kati yao walikufa ghafula, wakiwa na umri wa miaka 4, 5 na 9. Uziwi na moyo vinahusianaje? Mlango ule ule wa potasiamu huhitajika pia katika sikio la ndani.

Kanuni ya Bazett, hata hivyo, huyumba mapigo yaendapo kasi sana. Kwa mapigo 150, RR ni 0.40. QT ya 0.28 hutoa QTc ya 0.44 kwa Bazett, lakini 0.38 kwa kanuni ya Fridericia wa Denmark, ya mwaka 1920 pia, itumiayo kipeuo cha tatu. Moyo ni mmoja, majibu mawili. Ndiyo maana wapimaji hawategemei kilele cha mbio, ambapo tena mawimbi ya T na P hugongana na mikono ya mpimwa huvuruga mchoro; hutazama zaidi dakika za kupumzika, hasa ya nne, ambapo QTc ya 0.48 au zaidi hutiliwa shaka.

Kipimo hiki hufanywa hospitalini, mashine ya kushtua moyo ikiwa karibu. Mwalimu anaweza kuwahesabia wanafunzi mapigo kabla na baada ya kuruka kamba, lakini asimshirikishe aliyewahi kuzimia akikimbia au akiogelea. Huyo apelekwe kwa daktari, na daktari aambiwe wazi kwamba alianguka akiwa katika mazoezi, la sivyo mchoro wa kitandani waweza kumrudisha nyumbani akiitwa mzima. Ugonjwa ukithibitishwa, dawa zizuiazo adrenalini, kama propranololi, hupunguza sana hatari katika aina hii, na ndugu zake wa damu nao hupimwa.