Kuhamisha Nyumba ya Magogo ya Walowezi: Maswali na Majibu

Nyumba ya magogo ya walowezi ilijengwaje?

Kwa kawaida ilikuwa chumba kimoja cha mita nne au tano kila upande, kuta zake zikiwa magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine. Ncha za kila gogo zilichongwa kwa shoka ili pembeni zikamatane na za ukuta wa pili, na uzito wa kuta wenyewe ukazifunga bila misumari. Nafasi zilizobaki katikati zilizibwa kwa vipande vya mbao au mawe, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu au chokaa. Waswidi na Wafini waliofika bonde la mto Delaware kuanzia 1638 ni miongoni mwa walioingiza ufundi huu Amerika Kaskazini. Sheria ya Marekani ya 1862 iliahidi ekari 160 kwa yeyote atakayekaa na kulima shamba lake miaka mitano, na nyumba ya aina hii ikawa njia rahisi ya kutimiza sharti la makazi. Mara nyingi ardhi hiyo ilikuwa imetoka mikononi mwa wenyeji wa asili, jambo ambalo maelezo ya makumbusho mengi yalilinyamazia kwa muda mrefu.

Kwa nini nyumba ihamishwe badala ya kuachwa ilipo?

Ikiwezekana, iachwe. Nyumba ikitoka mahali pake hupoteza kisima, njia, shamba na upande ambao mlango ulielekea. Ndiyo maana orodha ya taifa ya urithi ya Marekani kwa kawaida haipokei jengo lililohamishwa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Uhamisho huja pale ambapo bwawa, barabara au mmiliki mpya ataliangamiza jengo. Aliyeipa kazi hii umaarufu ni Artur Hazelius wa Sweden, aliyefungua makumbusho ya wazi ya Skansen mjini Stockholm mwaka 1891 kwa majengo yaliyoletwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Makumbusho ya Kijiji jijini Dar es Salaam nayo huonyesha nyumba za asili uwanjani, lakini zilijengwa papo hapo. Ukuta wa fito na udongo ukibomolewa umekwisha. Ukuta wa magogo hufunguka na kufungwa tena.

Kazi huanzia wapi?

Kwenye karatasi. Kabla gogo halijaguswa, kila ukuta hupimwa, huchorwa na kupigwa picha ndani na nje. Ikibidi, mbao zilizopigiliwa juu ya magogo baadaye huondolewa kwanza, maana si ajabu kukuta nyumba ya mlowezi imefichwa ndani ya nyumba kubwa zaidi. Kisha kila gogo hupigiliwa kibati chenye herufi ya ukuta na namba ya safu: K4, kwa mfano, ni gogo la nne kutoka chini, ukuta wa kaskazini. Kibati huwekwa mahali ambapo hakitaonekana na mvua haitakifuta. Chaki haifai.

Alama ndogo nazo huandikwa: makovu ya shoka na tezo, matabaka ya chokaa, magazeti yaliyobandikwa ukutani kuzuia upepo. Chini ya sakafu, wanaakiolojia huchekecha udongo kutafuta vifungo, vigae na misumari. Umri wa jengo huthibitishwa kwa kutoboa magogo kwa kekee nyembamba na kulinganisha pete za ukuaji. Pete ya mwisho chini ya gome hutaja mwaka ambao mti ulikatwa.

Hatua hizi zikirukwa, hasara ni ipi?

Jibu liko Hodgenville, Kentucky. Mwaka 1894 mfanyabiashara Alfred Dennett alinunua shamba alikozaliwa Rais Abraham Lincoln wa Marekani, na magogo yaliyosemekana kuwa ya nyumba ya kuzaliwa kwake yakazungushwa kwenye maonyesho, Nashville mwaka 1897 na Buffalo mwaka 1901, pamoja na ya nyumba iliyodaiwa kuwa ya Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Katika kufunguliwa, kusafirishwa na kuhifadhiwa ghalani, magogo ya nyumba hizo mbili yakachanganyika. Baadaye yalijengwa upya ndani ya jumba la mawe lililozinduliwa 1911, na nyumba ikapunguzwa ukubwa ili wageni wapate pa kupita. Uchunguzi wa pete ulipofanyika, gogo la zamani kabisa lilionekana kuwa la 1848. Lincoln alizaliwa 1809. Leo nyumba hiyo huelezwa kuwa ni ya ishara tu.

Ibebwe nzima au ifunguliwe?

Kama njia inaruhusu, kuibeba nzima ni bora: huinuliwa kwa jeki, hupitishiwa mihimili ya chuma na kuwekwa juu ya trela, pembe zikiwa zimefungwa imara. Madaraja membamba na nyaya za umeme ndivyo vinavyolazimisha kuifungua, kuanzia paa kushuka chini. Bomba la moshi la mawe hufunguliwa na kujengwa upya karibu kila mara.

Magogo yaliyooza hufanywaje?

Ya chini kabisa, yaliyogusana na ardhi, ndiyo huoza kwanza. Hukatwa sehemu iliyooza tu na kuungwa kipande cha mti wa aina ile ile, kilichochongwa kwa zana za aina ile ile na kuandikwa mwaka kwa ndani ili mtafiti wa kesho asidanganyike. Saruji ngumu si ya kuzibia nafasi: mti huvimba na kusinyaa, saruji hupasuka, na maji yaliyoingia hubaki yamenaswa. Udongo na chokaa hufuata mwendo wa mti.

Baada ya kusimamishwa, itunzweje?

Adui mkuu ni maji. Nyumba inayosimama nje huwekwa juu ya mawe, sentimita 20 au zaidi kutoka ardhini, na paa hutokeza vya kutosha kuepusha mvua ukutani. Unyevu wa mti ukidumu juu ya asilimia 20, kuvu huanza kula. Bungua huzuiwa kwa chumvi za boroni au kwa joto. Ndani ya jumba la makumbusho hatari hugeuka, kwani hewa ya kipasha joto hukausha magogo hadi yakapasuka, kwa hiyo unyevu wa chumba hupimwa na kudhibitiwa mwaka mzima.